Luwombo ya jioni huagizwa asubuhi

Hoteli nyingi za Kampala hupika luwombo, kitoweo kinachofungwa ndani ya jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke, kwa ajili ya mchana. Ukija na wageni saa moja jioni na kuagiza papo hapo, aghalabu unaletewa vifurushi vilivyobaki, vilivyokaa juu ya sigiri tangu saa saba. Mgeni anaonja, kisha anajiuliza sifa zote zile zilitoka wapi.

Piga simu kabla ya saa sita mchana. Kuku wa kienyeji huhitaji kama masaa matatu ya mvuke, na kabla ya hapo anapitishwa juu ya mkaa ashike moshi. Jani la mgomba nalo hubabuliwa motoni hadi lilegee, kisha uti wake huchongwa kwa kisu ulingane na jani. Hapo kwenye kisu ndipo kazi inapoharibika: tundu dogo tu, mchuzi wote unavujia sufuriani na nyama inabaki kavu. Husimuliwa kuwa mapishi haya yalianzia jikoni kwa Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, mwaka 1887. Mpishi wa Kabaka, bila shaka, hakuharakishwa na mtu.

Kwenye simu taja idadi ya vifurushi, maana kimoja ni cha mtu mmoja. Kwa watu wanne, viwili vya kuku, kimoja cha binyebwa (mchuzi wa karanga) na samaki wa moshi, kimoja cha uyoga, vyote viwekwe katikati kila mtu achote. Uliza kama bei ina chakula cha kulia kitoweo ndani yake. Katika hoteli za kawaida unalipia kitoweo. Matoke, wali, viazi vitamu na posho (ugali) huja humo humo. Kwenye zile zenye vitambaa mezani, kila kitu na bei yake. Uliza pia wanafungia nini. Siku hizi wapo wanaotumia foili. Nyama itaiva, lakini hiyo ni nyama ya mvuke tu.

Kifurushi kije mezani kimefungwa. Kikija kimeshamiminwa bakulini, jua kuna kinachofichwa. Fungua kamba ya juu, kunjua kingo polepole kuelekea nje, na uso uweke kando, maana mvuke wa kwanza unaunguza. Usiliinue jani kutoka kwenye sahani: kitako chake kimelainika, litapasuka na mchuzi utaishia mapajani. Binyebwa nzuri ni nzito, laini, yenye rangi ya waridi iliyofifia. Ikiwa imekatika, mafuta juu na chembechembe kama mchanga chini, imerudiwa moto mara nyingi. Ikiwa chungu, iache kabisa. Huenda karanga ziliingia ukungu.

Matoke yana wakati wake. Yakitoka motoni ni ya manjano na laini. Yakipoa hukakamaa na kugeuka kijivu. Waambie wayaache ndani ya majani yake mpaka wote mketi.

Na jamu ya jioni ikiwakamata njiani, piga simu tena ili waongeze maji. Sufuria ikikauka, vikonyo vya mgomba vilivyotandikwa chini huungua, harufu yake inapanda hadi kwenye nyama, na hakuna binyebwa itakayoificha.