Wasomaji Wanauliza: Tutajuaje Elimu ya Maji Imefika Kwenye Kikombe?

SWALI: Kwa miezi minane kikundi chetu kimefundisha watu wa vijiji vitano kutibu maji ya kunywa kwa klorini. Daftari la mahudhurio lina majina 1,400, picha zipo, na kwenye dodoso kaya 9 kati ya 10 zimesema zinatibu maji. Mfadhili amerudisha ripoti, eti haina ushahidi. Tumekosea wapi? *Mratibu wa kikundi, Kilosa*

JIBU: Ndugu mratibu, daftari lenu ni ushahidi, ila ni ushahidi kwamba watu walikuja. Dodoso nalo linaonyesha kwamba wanalijua jibu mnalopenda kulisikia. Mtu mliyemfundisha ninyi, mkimuuliza ninyi wenyewe kama anatibu maji, atasema ndiyo. Hakusudii kudanganya, anamheshimu mgeni. Bahati yenu ni kwamba klorini huacha alama inayopimika. Pimeni maji.

Kibali cha mtendaji wa kijiji kiwepo na mwenye nyumba aridhie, lakini siku ya kufika isitangazwe. Msianze na maswali. Ombeni maji yale yale wanayokunywa wakati huo, yatolewe na chombo wanachotumia siku zote. Jazeni mililita 10 kwenye kichupa cha kipimo, tieni kidonge kimoja cha DPD namba 1 (dawa inayogeuka waridi ikikuta klorini), pondeni, tikiseni, msome rangi ya waridi papo hapo, ndani ya dakika moja. Ikisoma miligramu 0.2 kwa lita au zaidi, maji hayo yana klorini ya kuyalinda. Baada ya hapo ndipo muulize yalitibiwa saa ngapi na yanahifadhiwa wapi.

Kipimo hiki kina mitego. Vifaa vya bei nafuu vya mabwawa ya kuogelea vinavyotoa rangi ya njano haviwafai, kwa sababu vinasoma klorini yote, pamoja na ile iliyokwisha kushikana na uchafu. Kidonge namba 3 nacho kina kazi nyingine, msikichanganye na namba 1. Klorini ikizidi mno, rangi hufutika, mkaandika sifuri nyumba ambayo wamemimina dawa kupita kiasi. Mkinusa harufu kali na kichupa bado ni cheupe, changanyeni sehemu moja ya maji hayo na sehemu tisa za maji yasiyo na klorini, mpime upya, mzidishe jibu mara 10. Tena mtungi wa udongo hula klorini haraka. Maji yaliyotibiwa jana asubuhi yanaweza kusoma sifuri leo ingawa mama wa nyumba alifanya kila kitu sawasawa, ndiyo maana saa lazima iandikwe. Wanaochemsha maji wawekwe kwenye safu yao. Kipimo hiki hakiwahusu.

Kaya msizichague kwa macho. Chukueni orodha kwa wenyeviti wa vitongoji. Kijiji kikiwa na kaya 380 nanyi mnataka 19, gawanyeni: mnapata 20. Pigeni kura ya namba 1 hadi 20. Ikitoka 7, nendeni kaya ya 7, ya 27, ya 47, hadi mwisho. Mkikuta mlango umefungwa, rudini jioni, na kesho tena. Msihamie kwa jirani, maana anayekutwa nyumbani saa nne asubuhi hafanani na aliyeko shambani.

Bado kuna swali la kulinganisha. Kipindupindu kikitangazwa redioni, hata vijiji msivyofika vitatibu maji. Kwa hiyo pimeni kabla ya kufundisha, na mpime pia vijiji vitakavyofundishwa mwakani. Mradi wa dawa za minyoo wa Busia, Kenya, ulioanza 1998, uligawa shule 75 katika makundi matatu ya shule 25. Waliosubiri zamu wakawa kipimo cha waliotangulia, na hakuna aliyenyimwa. Tuseme kwenu matibabu ya maji yamepanda kutoka asilimia 12 hadi 38, na kwa wanaosubiri kutoka 10 hadi 22. Ninyi mmepanda 26, wao 12, kwa hiyo chenu ni 14 tu. Na kwa kaya 95 kila upande, hata hiyo 14 inaweza kuwa bahati. Afadhali kuongeza vijiji kuliko kurundika kaya katika vijiji vile vile, kwa kuwa majirani huigana.

Msijaribu kupima kuharisha. Watu husahau, msimu hubadilisha kila kitu, na mngehitaji maelfu ya kaya.

SWALI: Kabla ya semina ya siku moja, akina mama 60 walipata wastani wa maswali 4 kati ya 10. Jioni walipata 9. Je, inatosha? *Mwalimu, Kwale*

JIBU: Mwalimu, hiyo ni kumbukumbu ya siku moja. Rudia baada ya miezi mitatu, kwa watu wale wale, kila mmoja na namba yake ya siri. Ukiwapata 41, ripoti 41, kisha uangalie kama wale 19 waliopotea walianza na alama za chini. Maswali ya ndiyo au hapana yaondoe; anayebahatisha tu hupata 5. Badala yake mpe mama ndoo ya lita 20 ya maji yenye tope na umwangalie: je, anachuja kwa kitambaa safi kwanza, anapima dawa kwa kipimo sahihi, anasubiri nusu saa?

SWALI: Waelimishaji wetu wanaweza kukusanya takwimu wenyewe? *Msomaji, Muheza*

JIBU: Si katika vijiji walivyofundisha. Kama hakuna fedha za kuajiri wengine, badilishaneni vijiji, na msimamizi arudie kaya 2 kati ya kila 19 siku hiyo hiyo, bila kuyaona majibu ya kwanza. Kaya iliyosoma sifuri iambiwe kabla hamjaondoka.