Wakali na wanagenzi meza moja: kuendesha usiku wa briji bila kumwonea mtu

Klabu nyingi za briji hapa Uingereza zinafanana: ukumbi wa kukodi, meza kumi au kumi na tatu, wastaafu wengi kuliko vijana, na chai na biskuti katikati ya mchezo. Humo ndani utamkuta mzee aliyecheza miaka hamsini kakaa na mama aliyemaliza kozi ya wanaoanza juzijuzi. Mimi ni mtu wa Tanga niliyeletwa huku na kazi, na kwa miaka kadhaa sasa ni mwamuzi wa klabu moja ya namna hiyo. Wenzetu walioko Dar na Nairobi wanaofikiria kuanzisha usiku wao wa briji huniuliza swali moja: utawachanganyaje watu hao, wakali wasichoke na wageni wasikimbie?

Mkali atashinda mara nyingi, na ndivyo inavyotakiwa. Tunachopaswa kuhakikisha ni kwamba ameshinda kwa karata alizocheza. Asishinde kwa sababu ya kiti alichokalia, wala kwa ukali wa sauti yake, wala kwa kuwa mgeni aliyekuwa mezani aliogopa kuuliza.

Kwa asiyeijua briji ya klabu: wachezaji ni wanne, wawili wawili, Kaskazini na Kusini dhidi ya Mashariki na Magharibi. Waliozoea karata za barazani, zenye turufu na mwenzi wa kukaa mkabala, wameshafika nusu ya safari. Kwanza kuna mnada, watu wanataja watakula mara ngapi na turufu ni ipi, kisha mshindi wa mnada anajaribu kuutimiza mkataba wake. Tofauti kubwa ni kwamba karata hazichanganywi upya kila meza. Mgawo uleule huwekwa kwenye kibao chenye vijaluba vinne na kuzungushwa ukumbi mzima, na matokeo yako hulinganishwa na ya wale waliozishika karata zilezile. Ukiwashinda jozi moja kwenye mgawo huo unapata pointi mbili, mkilingana unapata moja. Mgawo ukichezwa mara kumi, cha juu kabisa ni pointi 18. Huo mpango peke yake umeshaondoa sehemu kubwa ya bahati. Kama ulipewa karata mbovu, kila aliyekaa upande wako alipewa mbovu hizohizo.

Basi nuksi inaingilia wapi? Mara nyingi inaanzia kwenye viti.

Mpangilio unaotumika sana ni wa Mitchell. Kaskazini na Kusini hubaki palepale, Mashariki na Magharibi husogea meza moja mbele, na vibao husogea meza moja nyuma. Sasa fikiria meza 13, raundi nane za migawo mitatu mitatu, yaani kila jozi inacheza migawo 24. Kila jozi inayotembea itakutana na jozi nane tu kati ya zile 13 zilizokaa. Wakali wakijipanga meza ya kwanza hadi ya tano, kama wanavyopenda kwa kuwa ni karibu na birika la chai, kuna jozi itakayopita kwao wote mfululizo na nyingine itakayokutana na wachache mno. Zote mbili zitaandikwa kwenye orodha moja mwisho wa usiku kana kwamba zilifanya mtihani mmoja. Kwa hiyo napanga viti mwenyewe. Jozi zenye nguvu nazitawanya: moja meza ya pili, nyingine ya tano, nyingine ya nane, na wengine wao nawaweka upande wa wanaotembea. Wenye magoti mabovu hubaki wamekaa hata kama si wakali, hilo halina mjadala.

Kuna jambo jingine la viti ambalo hata wachezaji wa siku nyingi hawalioni. Mshindani wako halisi ni yule anayeshika karata kama zako kwenye meza nyingine, ingawa hamtaonana usiku mzima. Wakali wote wakikaa Kaskazini na Kusini, mnyonge aliyejikuta upande huo analinganishwa na wao kila mgawo. Ukitaka mshindi mmoja wa ukumbi mzima, dawa yake ni kugeuza mwelekeo: kwenye sehemu ndogo ya migawo, kama moja ya nane hivi, waliokuwa Kaskazini na Kusini wacheze karata za Mashariki na Magharibi. Kwa migawo 24 hiyo ni mitatu, yaani raundi ya mwisho tu. Watu hudhani ukigeuza nusu ya usiku ndiyo haki zaidi. Sivyo, ukizidisha mizani inaharibika upya. Na kama hutaki usumbufu huo, toa washindi wawili, mmoja kila upande. Sisi tunafanya hivyo usiku ambao wageni ni wengi, na sijasikia mtu akilalamika kwa kuwa zawadi zimekuwa mbili.

Huruma ya mezani imeniletea ugomvi mwingi kuliko kitu kingine chochote.

Mgeni anatoa karata si zamu yake. Mkali, kwa roho nzuri kabisa, anamwambia: "Ichukue tu mama, hakuna neno." Inaonekana ni uungwana. Lakini kumbuka mgawo ule umechezwa pia kwenye meza nyingine, na huko kosa kama hilo huenda lililipiwa. Kwa kumsamehe mama, mkali amegawa pointi ambazo si zake peke yake, maana jozi zilizokaa upande uleule na yule mama kwenye meza nyingine ndizo zinazoshuka. Sheria za briji ya dupliketi, yaani hii ya mgawo uleule kuzungushwa meza kwa meza, ambazo toleo linalotumika ni la 2017, ziko wazi kwamba wachezaji hawana mamlaka ya kujiamulia marekebisho mezani. Anaitwa mwamuzi. Karata ya kwanza ya mgawo ikitolewa na asiyestahili kuitoa, mwenye mkataba ana chaguo tano, na mgeni hawezi kuzijua zote. Hata wakali wengi huzitaja tatu wakaishia hapo.

Halafu angalia nani husamehewa. Bibi mpole husamehewa. Kijana mwenye maswali mengi huitiwa mwamuzi mara moja. Rafiki wa chama husamehewa, mgeni wa leo hasamehewi. Huruma ya namna hiyo ndiyo upendeleo wenyewe.

Ili watu wakubali kumwita mwamuzi, mwamuzi mwenyewe asiwe polisi. Kwa wageni, mkono ukiinuka na kusikika "Mwamuzi, tafadhali", wanahisi wameshtakiwa mbele ya ukumbi. Mwanzoni mwa kila msimu nawaeleza kwamba anayeniita anaomba msaada wa wote wanne. Nikifika mezani nauliza kimetokea nini, simuulizi nani kakosea. Nasoma kifungu kwenye kitabu hata kama nakijua kwa moyo, maana mgeni akiona kinasomwa kitabuni anajua uamuzi haukutoka kichwani mwa rafiki wa mpinzani wake. Sauti yangu iwe ya kusikika na wanne tu.

Upande wa pili ni maelezo ya mnada. Mchezaji wa Kiingereza wa kawaida hufungua "moja bila turufu" akiwa na nguvu ya 12 hadi 14, kwa hesabu ya pointi za karata kubwa alizoshika, wakati kwingineko wengi hutumia 15 hadi 17. Hilo dogo. Ila kuna ufunguzi unaopendwa sana huku, wa "mbili uru", ambao hauhusiani na uru hata kidogo: mara nyingi maana yake ni kwamba mtu ana karata sita za kopa au sita za shupaza, na mkono dhaifu. Mgeni anasikia uru, anajipanga kuzuia uru, kumbe anapigwa kwa kopa. Mkali atasema tumetoa tahadhari kwamba mnada huu una maana yake ya pekee, angeuliza. Kweli, ila mgeni hajui hata kwamba ana haki ya kuuliza, au anaona aibu.

Siamini katika kupiga marufuku mbinu hizo. Wageni nao wanatakiwa wakue, na klabu inayocheza kwa kiwango cha mtoto wa shule ya vidudu hupoteza wakali wake kimya kimya. Nilichoweka ni utaratibu wa nyumbani: jozi yenye mbinu za ajabu iwe na kadi ya mfumo, inayoeleza maana ya minada yao, iliyojazwa na kuwekwa mezani, na karatasi fupi yenye njia ya kujibu mbinu hizo, ambayo mpinzani anaruhusiwa kuisoma wakati wa mnada. Asiye na karatasi hiyo asitumie mbinu hiyo kwetu. Na anayeeleza ni mwenzi wa aliyenadi, aeleze kwa maneno kamili. Kutaja jina la mbinu halafu ukanyamaza si maelezo.

Yapo na mambo ya mwili. Mwenzi wako akisita sana, kisha akasema "napita", umeshapata habari ambayo hukutakiwa kuipata, na sheria inakukataza kuitumia. Wageni husita kila mara kwa sababu hawajui, wala haina maana yoyote, ila wakali nao husita na mwenzi wa miaka ishirini anaelewa kila pumzi. Mimi humkagua mkali kwa ukali zaidi hapa, na sijifichi. Mgeni namweleza sheria, namrekebishia matokeo inapobidi, basi.

Kudai ni hatari nyingine ya kimyakimya. Mkali analaza karata: "Zote zangu." Mgeni hakuona, anaitikia kwa kichwa, karata zinarudi kwenye kibao, na pengine alikuwa na turufu moja mkononi ambayo ingekula. Anayedai lazima aseme atachezaje mpaka mwisho. Toleo la 2017 linaruhusu pia mchezo uendelee, ikiwa upande usiodai umeomba hivyo na wote wanne wamekubali. Nawafundisha wageni sentensi moja tu ya kusema: "Nieleze taratibu, tafadhali." Wengi wanaona haya kuitamka. Kwa hiyo nimeibandika kwenye ubao karibu na matokeo, na wakali wengine wenye akili sasa wanaeleza kabla ya kuombwa.

Saa nayo ina dhuluma zake. Mgawo mmoja unahitaji dakika saba na nusu hivi. Raundi ya mitatu ni kama dakika 22. Meza ikichelewa, macho yote humwelekea mgeni. Nimesimama nyuma ya meza hizo mara nyingi, na mara nyingi mlaji wa muda ni mkali aliyezama dakika nne kutafuta kula moja ya ziada, kisha mgeni anaharakishwa kwenye mgawo unaofuata. Tumia saa ya ukutani inayoonekana na kila mtu, na kanuni moja: zikibaki dakika nne, mgawo mpya hauanzishwi. Ule usiochezwa, wasio na kosa hupewa asilimia 60 ya pointi za mgawo huo, wenye kosa 40, na kama kosa ni la kugawana, 50. Kabla hujaandika 40 kwenye jina la mgeni, hakikisha ulikuwa unaangalia saa mwenyewe.

Nyongeza za alama kwa jozi dhaifu ndizo kila mtu huziulizia kwanza, nami nimeziweka mwisho kwa makusudi. Chama cha briji cha Uingereza kina mpango wa madaraja unaompa kila mchezaji daraja kwa jina la karata, kuanzia mbili mpaka ree, na hesabu yake huangalia pia nguvu ya mwenzi na ya wapinzani. Marekani wao hugawa jozi matabaka matatu kwa pointi walizochuma maishani, na jozi ya tabaka la chini ikifanya vizuri inahesabiwa pia kwenye matabaka ya juu. Kwa klabu changa inatosha wastani wa jozi yenyewe. Tuseme jozi moja ina wastani wa asilimia 58, nyingine 42. Ukiwapa nyongeza kamili, wa kwanza anapunguziwa nane, wa pili anaongezwa nane. Usifanye hivyo. Jozi dhaifu hupanda na kushuka kuliko jozi imara, leo 35, kesho 52. Kwa nyongeza kamili, kila wiki atashinda mnyonge mmoja aliyeamka na bahati, na mkali hatakuwa na njia hata acheze vipi. Toa nusu. Usiku ambao mkali amepata 60 na mgeni 51, watakuwa 56 na 55, wote wawili wanakimbilia matokeo kuyaangalia. Orodha halisi ibaki ndiyo kubwa, ya nyongeza ibandikwe pembeni yake.

Kufundishana mezani nimekukataza kabisa. Mkali akitaka kumsaidia mgeni, chapisha migawo ya usiku ule, wakae nayo baada ya mchezo, na kama mgeni hakuomba, asifundishwe. Wazee wawili walinuna kwa kanuni hii, wakarudi.

Na kama mko meza nne tu, kama itakavyokuwa mwanzoni kwa wengi wenu, achaneni na Mitchell na hesabu zake za kutawanya viti. Tumieni mpangilio wa Howell: jozi nane, raundi saba, kila jozi inakutana na kila nyingine mara moja, na mwelekeo unabadilika wenyewe kadiri mnavyozunguka. Migawo mitatu kwa raundi ni 21, mnamaliza kabla ya saa tatu kupita. Kadi za kuwaongoza watu meza ipi waende zinapatikana tayari zimechapwa. Zinunueni hizo kabla ya kununua kikombe cha mshindi.