Theluji ngumu juu: je, mteremko ni salama?

SWALI: Theluji iliacha kuanguka siku tatu zilizopita. Nikikanyaga mteremko, buti halizami hata kidogo. Wenzangu wanasema tusiupite bado. Ugumu huo si dalili kwamba theluji imeshikamana?

JIBU: Wasikilize wenzako. Ugumu unaousikia mguuni ni wa tabaka la juu tu. Poromoko linaloua wapandaji wengi ni la bamba: theluji iliyoshikamana, mara nyingi imerundikwa na upepo, ikiwa imelalia tabaka dhaifu. Bamba gumu linaweza kukubeba hadi katikati ya mteremko. Ukikanyaga palipo pembamba, tabaka la chini linavunjika, ufa unakimbia, na bamba zima linateleza nawe juu yake.

Udhaifu huo huanza theluji ikiwa haba na baridi ikiwa kali. Ardhi ina joto kuliko hewa, basi mvuke hupanda kupitia theluji. Joto likipishana kwa zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi kila sentimita 10, chembe hugeuka kubwa, zenye kona, zikamwagika mkononi kama sukari. Tabaka hilo likifunikwa, siku tatu hazitoshi kuliponya. Hudumu majuma, hata miezi.

Kalipime. Chagua mahali padogo pasipo na mteremko mkali juu yake, panapoelekea upande uleule wa jua na upepo kama mteremko mnaotaka kuupita. Chimba, kisha tenga nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 30 kuelekea mlimani, ikatwe pia nyuma. Laza sepetu kwenye ncha moja, uipige mara 10 kwa kifundo cha mkono, 10 kutoka kiwikoni, 10 kutoka begani. Ufa ukivuka nguzo yote kwa pigo lilelile lililouanzisha au linalofuata, usipite. Usipovuka, hujapewa ruhusa: mita chache pembeni theluji yaweza kuwa nyingine kabisa. Ukisikia mngurumo mzito chini ya miguu, au nyufa zikatoka butini, acha kupima, rudi.

Mabamba mengi hukatika penye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Mkiwa na shaka, pitieni penye chini ya 30, mradi hapako chini ya mteremko mkali zaidi, kwani bamba la huko juu mnaweza kulifyatua mkiwa bondeni.