Viti vya Scotland katika Bunge la Ulaya

Swali: Mhariri, mwaka 2019 SNP, chama kinachotaka Scotland ijitenge na Uingereza, ilipataje viti vitatu kati ya sita vya Scotland, ilhali haikufikisha hata asilimia 40 ya kura?

Jibu: Ndugu msomaji, Uingereza iligawa viti vyake 73 kwa kanda 12, na kila kanda, isipokuwa Ireland ya Kaskazini, ilitumia kanuni ya D'Hondt, ambayo hugawa kura za chama kwa mbili kikishapata kiti kimoja, kisha kwa tatu, na kuendelea; kila kiti huenda kwa chama chenye hesabu kubwa zaidi wakati huo. Asilimia 37.8 za SNP zilishuka hadi 18.9, halafu 12.6, ambazo bado ziliwazidi Conservative waliokuwa na 11.6. Labour, kwa asilimia 9.3, waliambulia patupu. Hesabu hiyo haina huruma kwenye kanda yenye viti vichache.