Muulize Mwalimu: Kwa nini Atlantis iliondoka na watu wanne tu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba Atlantis, chombo cha anga cha Marekani, ilikuwa ikibeba hata watu saba. Mbona safari yake ya mwisho, Julai 2011, walikuwa wanne? Na walifanya kazi gani huko juu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baada ya ajali ya Columbia, chombo mwenzake Atlantis, mwaka 2003, chombo kingine cha aina hiyo kiliwekwa tayari kwenda kuokoa wanaanga wakikwama. Safari hii chombo cha kuokoa hakikuwepo. Atlantis ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ikiharibika, wanaanga wangebaki kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu na kurudi mmoja mmoja kwa Soyuz, chombo cha anga cha Warusi chenye nafasi tatu tu. Wanne waliweza kusubiri zamu. Saba, ingekuwa shida.

Kazi? Kuhamisha mizigo, mwanangu! Zaidi ya tani nne za chakula, nguo na vipuri, ndani ya kontena la Kiitaliano liitwalo Raffaello. Sandra Magnus, mmoja wa hao wanne, alisimamia kila mfuko: upi utoke, upi urudi duniani. Watu husifia wanaotembea angani, lakini mimi namheshimu sana huyu mama wa stoo, maana kituo kilitegemea shehena hiyo kwa miezi mingi. Wakarudi pia na pampu mbovu ya amonia, ya kupoza kituo, mafundi waichunguze.

Walitua Florida Julai 21, kabla hakujapambazuka. Kwetu ilikuwa saa saba kasoro dakika tatu mchana. Nilikuwa mbele ya televisheni, chakula kikapoa. Magurudumu yaliposimama, nililia.