Barua kwa Atupele: wimbo uliotoka kwenye rekodi ya mtu mwingine

Atupele mwanangu,

Marahaba. Hapa Tukuyu sote wazima, mvua bado zinanyesha, na parachichi mwaka huu zimebeba vizuri. Mama yako anakusalimu sana.

Wimbo wako nimeupata na nimeusikiliza kwenye spika kubwa, si kwenye simu. Unasema umechukua sekunde chache za piano kutoka santuri moja ya jazz ya Marekani ya miaka ya sitini, ukachukua na fidla za okestra ya Ujerumani, ukavikatakata, ukavigeuza, ukaviwekea mdundo chini. Sasa mwenzako wa studio huko Dar anakwambia huo si muziki, ni wizi. Mwingine anakwambia maprodyuza wote wanafanya hivyo, endelea tu. Ndipo ukaniuliza: "Baba, huu wimbo ni wangu au si wangu?"

Ni wako. Lakini humo ndani kuna watu, na hao watu hawatoki hata ukivigeuza vipande vyao namna gani. Unapaswa kuwajua, kuwataja, kuwaomba ruhusa na kuwalipa. Na kabla ya hayo yote unapaswa kuwasikiliza mpaka uweze kunieleza kwa nini umewachukua wao na si wengine.

Kwanza usikubali mtu akwambie kwamba kuchukua sauti iliyorekodiwa na kuifinyanga upya ni mambo ya kizungu uliyoyaiga. Mwaka 1944 huko Cairo, kijana aliyekuwa anasomea kilimo, Halim El-Dabh, aliazima kwenye kituo cha redio kinasa sauti cha waya, maana utepe ulikuwa bado haujafika kwao. Akaenda nacho kwenye shughuli ya wanawake ya kupunga pepo, akarekodi sauti zao, kisha akarudi studio akaanza kuzichuja. Aliondoa sauti za msingi, akapitisha kilichobaki kwenye vyumba vya mwangwi, mpaka ikabaki mivumo tu, kama vile roho ya wimbo imeachana na maneno yake. Mfaransa Pierre Schaeffer, aliyefanya kazi yake ya sauti za treni kwenye redio ya Paris, alifuata mwaka 1948. Vitabu vingi huanzia kwake. Wewe anzia kwa El-Dabh.

Nilipokuwa fundi mitambo redioni, kukata kulikuwa kukata kweli. Unaizungusha mizunguko ya utepe kwa mikono, mbele kidogo, nyuma kidogo, sauti inanguruma chini kwenye kichwa cha mashine, mpaka upate pale hasa fimbo inapogusa ngozi ya ngoma. Unatia alama kwa penseli nyeupe mgongoni mwa utepe, unaulaza kwenye mfereji wa kile kibao cha chuma, unapitisha wembe kwa mshazari. Ukikata wima, kiungo kitalia "tap". Ukikata mshazari, sauti moja inaingia taratibu wakati nyingine inatoka. Muziki tuliurekodi kwa kasi ya sentimeta 38 kwa sekunde, kwa hiyo noti moja ya piano ilikuwa kitu unachoweza kukishika kwa vidole viwili na kukipima kwa rula. Hukuweza kukata kitu ambacho hukukisikiliza.

Mwaka 1988 kampuni ya Akai ilitoa mashine ya kunasa na kupanga vipande vya sauti aliyoibuni Roger Linn, MPC60, yenye vibonyezo 16, na kazi ya usiku kucha ikawa ya kidole kimoja. Leo kompyuta yako inakata hata bila kukuuliza. Sisemi hivyo ni vibaya. Nasema masikio sasa ni lazima uyalazimishe mwenyewe, kwa sababu chombo hakikulazimishi tena.

Na hapo ndipo nina neno juu ya wimbo wako. Ile piano umeisikia. Nimetambua kwamba umekata pale mkono wa kushoto wa mpigaji unapochelewa kidogo, na mdundo wako wote umeujenga juu ya kule kuchelewa. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye masikio, nimejivunia. Lakini fidla umezitandika tu. Zimeingia kwa sababu ulitaka wimbo usikike mkubwa. Nikikuuliza ni okestra gani, nani kaandika, fidla zile zilikuwa zinajibu nini pale ulipozikata, utanijibu? Ukiweza, ziache. Ukishindwa, zitoe.

Waliofanya kazi hii vizuri wote walisikiliza kwanza. Chukua kundi la Us3 la London. Wimbo wao uliovuma mwaka 1993 umejengwa juu ya piano ya Herbie Hancock aliyoirekodi mwaka 1964 kwa kampuni ya Blue Note. Nyuma ya piano ile yuko Ron Carter kwenye besi, Freddie Hubbard kwenye koneti, na kwenye ngoma Tony Williams, kijana wa miaka 18. Us3 walikuwa wameanza kuchukua rekodi za Blue Note bila ruhusa. Kampuni ingeweza kuwaburuza mahakamani. Badala yake ikawaita na kuwafungulia ghala lake. Miaka kumi baadaye, 2003, Blue Note hiyo hiyo ilimfungulia prodyuza wa Marekani, Madlib, naye hakuishia kukata. Vipande vingine alivipiga upya mwenyewe, chombo kimoja baada ya kingine, kwa majina ya bendi alizozibuni. Ukipiga kitu mwenyewe ndipo unapojua ugumu wake.

Upande wa muziki wa klasiki, kampuni ya Deutsche Grammophon ya Ujerumani ilianza mwaka 2005 mfululizo unaoitwa Recomposed, ikiwapa wanamuziki wa elektroniki rekodi zake. Carl Craig wa Detroit na Moritz von Oswald wa Berlin, mwaka 2008, walishika rekodi za okestra ya Berlin chini ya kiongozi wake Herbert von Karajan, kazi za watunzi Ravel na Mussorgsky. Walichukua vijipande vidogo wakavirudia na kuvipandisha polepole, muda mrefu. Ni nzuri, ingawa mimi binafsi hunichosha.

Lakini Mwingereza Matthew Herbert, mwaka 2010! Huyu nataka umsikilize ukiwa peke yako. Alipewa Simfoni ya Kumi ya mtunzi Gustav Mahler, ambayo Mahler alifariki mwaka 1911 bila kuimaliza. Sehemu ya kwanza tu ndiyo iliyokaribia kukamilika, nayo inaanza na viola, zile fidla kubwa kidogo, zikiimba zenyewe bila okestra. Herbert hakuiwekea ngoma. Alimpeleka mpiga viola kwenye kaburi la Mahler huko Grinzing, Vienna, akaupiga ule mwanzo pale pale. Rekodi ya okestra aliipiga kwa spika ndani ya jeneza na kuinasa upya, akainasa tena ikitoka kwenye gari la maiti linalopita. Kazi ya mtu aliyeandika akikaribia kufa ameipeleka mahali inapozungumzia. Noti hazijaguswa sana, na bado kila kitu kimebadilika.

Wewe hilo unalijua bila kufundishwa na Mjerumani wala Mwingereza. Umekulia Rungwe. Wamoraviani walifika hapa mwaka 1891 na matarumbeta yakafuata, nami nimeyapuliza tangu ujana. Unajua tarumbeta zinavyosikika ukiwa ng'ambo ya bonde wakati wa mazishi, ukungu umelala juu ya migomba: tromboni inafika kwanza, tarumbeta ya juu inapotea na kurudi, na ule wimbo wa kitabuni unakuwa wimbo mwingine. Bonde limeufanyia kazi.

Mtunzi Max Richter, mwaka 2012, alishika Misimu Minne ya Vivaldi, mtunzi wa zamani wa Italia, akapita njia nyingine. Aliipenda utotoni, akaichoka kwa kuisikia kwenye matangazo na kila mahali. Hakukata rekodi ya mtu. Aliandika upya, akasema ametupa kama robo tatu ya noti za Vivaldi, kisha akaenda na mpiga fidla Daniel Hope na okestra ndogo ya Berlin wakarekodi upya. Hii njia ikumbuke, nitairudia nikifika kwenye ushauri.

Sasa suala la haki, ambalo mwenzako amelisema kwa neno moja la wizi. Kila rekodi ina haki mbili: ya aliyetunga, na ya waliopiga na waliorekodi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua zote, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndio wenye kazi hiyo hapa nchini. Vivaldi alifariki 1741, mtunzi mwenzake Bach 1750. Noti zao huombi mtu. Lakini rekodi ya Karajan, aliyefariki 1989, ina wenyewe, hata kama anapiga noti za wafu.

James Newton ni mpiga filimbi wa jazz wa Marekani anayepuliza huku anaimba kooni kwa wakati mmoja, sauti mbili zikisuguana. Alitunga kipande kutokana na kumbukumbu ya utotoni, wanawake wanne weusi wakiimba kanisani kijijini Arkansas. Mwaka 1992 kundi la Beastie Boys lilichukua sekunde sita za filimbi ile, likazirudia zaidi ya mara arobaini katika wimbo wao. Waliilipa kampuni ya rekodi dola 1,000 kwa haki ya rekodi. Newton kama mtunzi hawakumwomba. Alishtaki, akashindwa hadi rufaa: mahakama ilisema kwenye karatasi zile ni noti tatu tu, na noti tatu hazitoshi kulindwa, kile kilichozifanya ziwe za Newton, namna alivyopuliza, kilikuwa upande wa rekodi, nayo imeshalipiwa.

Kisheria labda ndivyo. Mimi mpuliza tarumbeta nasema uamuzi ule uliuacha muziki wenyewe nje ya mlango. Zile noti tatu angeweza kuziandika yeyote. Koo lile na wale wanawake wa Arkansas ndio walichokitaka Beastie Boys, la sivyo wangeajiri mpiga filimbi mwingine. Kwetu mpita njia mwenye njaa akila ndizi palepale shambani hakuna anayemuuliza, lakini akibeba mkungu kwenda kuuza sokoni Mwanjelwa, Mbeya, atauliziwa mwenye shamba. Wimbo wako ukibaki kwenye kompyuta yako, wewe ukijifunza, hiyo ni ndizi ya njiani. Ukiupeleka mtandaoni kuuza, umebeba mkungu.

Kwa hiyo piano ile omba ruhusa kwa wenye rekodi na kwa mtunzi, wote wawili, kwa maandishi. Wasipojibu, usitoe wimbo. Najua inauma. Keti na mpiga kinanda wa huko Dar, mweleze kule kuchelewa kwa mkono wa kushoto, mtafute kitu chenu kinachochelewa namna yake, mrekodi, ndipo ukate. Ndiyo njia ya Richter, nayo haihitaji fedha ya Berlin.

Na fidla za Wajerumani za nini wakati una shaba ya Rungwe? Ule wimbo wa Ijumaa Kuu wa kichwa kilichojaa damu na majeraha, sauti yake ilianza kama wimbo wa mapenzi wa Hans Leo Hassler uliochapwa mwaka 1601. Wakristo wakauchukua wakautilia maneno ya Mateso, Bach akaupangia sauti nne katika Mateso ya Mathayo, mwaka 1727, wamisionari wakauleta, na wazee wetu wakaupuliza taratibu kuliko Mjerumani yeyote, kwa sababu huku juu pumzi ni fupi na kilima ni kirefu. Umeshapita mikono mingi. Mkono wako si wa kwanza na hautakuwa mgeni.

Wapo waliokwisha kufanya karibu na hapa. Ng'ambo tu ya Kasumulu, rekodi za Malawi alizozinasa Hugh Tracey katikati ya karne iliyopita, zinazotunzwa Afrika Kusini, zilitolewa kwa watayarishaji wa muziki wa elektroniki, na mwaka 2016 ikatoka albamu iitwayo Beating Heart, sehemu ya mapato ikirudi kusaidia watu wa Malawi. Waliopiga wengi wao hawakuwepo tena kuulizwa. Wa kwetu wapo. Hata wale wa ligombo, ile ala ya nyuzi, kule Iringa, wapo wanaopiga bado.

Nimeshaongea na kiongozi wa matarumbeta. Hajakataa. Ameuliza mambo mawili: je, majina ya wapulizaji wote yataandikwa, na je, ikipatikana fedha, ya kununulia tarumbeta mpya itatoka? Nimemwambia utamjibu mwenyewe kwa karatasi, si kwa mdomo. Iandike kabla hujapanda basi.

Njoo Pasaka. Alfajiri tutapuliza makaburini kama kawaida, kabla jua halijachomoza. Leta maiki mbili, na vifuniko vya kuzuia upepo, maana pale juu upepo hauna huruma. Moja iweke karibu na tromboni, si mbele ya mdomo wa chombo, pembeni kidogo. Ya pili mpe mdogo wako Lusajo aende nayo ng'ambo ya bonde, kwenye shamba la chai, awashe mapema na asiongee. Betri zichaji hukohuko, umeme wetu unaujua.

Baba yako