Hizo herufi CBGB kwenye fulana ya mtumba

Dada, umeuliza fulana ya CBGB uliyoiokota kwenye mitumba hapo Malindi ni ya kampuni gani. Si kampuni ya nguo hiyo. Ilikuwa klabu ya muziki mtaa wa Bowery, New York. Hilly Kristal aliifungua Desemba 1973, na herufi zile ni kifupi cha Country, BlueGrass na Blues, yaani kantri, blugrasi na bluzi, muziki wa Kimarekani alioutaka mwenyewe. Kilichokuja ni kingine kabisa! Sharti lake lilikuwa bendi zipige nyimbo zao, si za kuiga. (Hebu bendi zetu za hoteli za ufukweni ziambiwe hivyo, na wimbo wao ule mmoja wa kukaribisha watalii.) Mwaka 1974 zikaingia bendi za Television na Ramones, kisha Patti Smith, Blondie, Talking Heads, panki ya Marekani, yaani roki ya kasi na kelele, ikakulia humo, kwenye ukumbi mwembamba wenye vyoo vilivyovuma kwa uchafu.

Kilichoimaliza ni mzozo wa kodi na mwenye nyumba. Patti Smith alipiga usiku wa mwisho, 15 Oktoba 2006. Kristal akafariki mwaka uliofuata. Baadaye pale pakawa duka la nguo za bei kali. Wewe ya kwako umeipata kwa ngapi?